Baba Amewatangulia Maprofesa

Wiki iliyopita nilikuwa kwa dada mpiga chapa wa pale Sekei, nangoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwepo mwanachuo aliyeleta utafiti wake kuhusu kahawa ya Meru. Mwalimu wake alikuwa amesimama pembeni akiupitia, mara akagonga karatasi kwa kidole.

“Umeandika wakulima wanang'oa mibuni kwa uvivu. Nani kasema?”

“Profesa wa Ulaya, mwalimu. Kitabu kipo.”

“Baba yako si aling'oa?”

“Aling'oa. Tangu soko liwe huria, bei hairudishi hata pesa ya dawa. Siku hizi analima nyanya, alfajiri yuko shambani.”

“Ndiye mvivu huyo?”

Kijana akakuna kichwa.

“Sasa mbona hayumo humu?”

“Hana digrii, mwalimu.”

“Mwache profesa aseme yake, halafu mlete baba yako ambishie. Msomaji ataona nani ana hoja. Na kwenye marejeo umtaje kwa jina, kama wenzake.”

Mwalimu akaondoka. Dada akaanza kupiga orodha ya marejeo, ambayo hufuata alfabeti. Jina la ukoo wa kijana, kama la baadhi ya Wameru, linaanza na A. Mzee akakaa juu kabisa, maprofesa wakamfuata.

Kijana akainama, akanong'ona: “Dada, huwezi kumshusha kidogo? Hao wengine ni Wazungu.”

Nguo za mtumba nimezizoea. Sikujua kwamba hata maoni kuhusu mashamba yetu tunangoja yatoke kwenye robota.