Mama Hakuwa Amekataa Kula

Faili ya mama yangu, kule Kawangware kwenye nyumba ya kutunzia wazee waliopoteza kumbukumbu, iliandikwa hivi: "Mkorofi. Anakataa chakula. Anapiga wahudumu." Mkorofi! Mama aliyelea nusu ya watoto wa Laini Saba, mtaa wetu wa Kibera, na majirani hawajawahi kumsikia akifoka!

Nilimpeleka mwenyewe, sikatai. Alikuwa anaishi mlango wa tatu kutoka kwetu, na alikuwa ameanza kutoka alfajiri, anatembea katikati ya reli, ati anaenda kwao ziwani. Mimi nafua nguo za watu mchana kutwa, mume wangu yuko mjengo, kwenye vibarua vya ujenzi. Ningemfunga kamba? Mwenye ile nyumba, mama mmoja mwenye plot aliyegeuza vyumba vya wapangaji kuwa vya wazee, aliniambia, "Hapa atatulia, dada. Sisi tumezoea hawa."

Miezi minne tu, mama akaisha mwili. Kila Jumapili alasiri, saa ya wageni, namkuta midomo imekauka na macho mazito. Nikiuliza, naambiwa ugonjwa ndivyo unavyoenda. Mara ya mwisho mwenye nyumba akasema asipokula wiki hiyo atatiwa mpira wa puani.

Jumatano nikaacha nguo za watu kwenye beseni nikaenda saa ya chakula cha mchana. Mlinzi akasema hiyo si saa ya wageni. Nikamwambia ajaribu kunizuia aone.

Mhudumu alikuwa anaingia na sahani ya ugali na sukuma. Mwanamume wa makamo, mrefu, kichwa kimenyolewa, mpole, wala sina neno naye. Mama alipomwona akajifunika leso usoni, akageukia ukuta. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mwambie mkwe atoke. Nitakulaje mbele yake?"

Alidhani ni mume wangu! Na kwetu mama hali mbele ya mume wa binti yake, hata njaa imtoe roho. Miaka yote tuliyokaa Kibera, mume wangu akipita mlangoni kwake wakati anakula, mama huweka sahani chini mpaka apite. Akili imemtoka, lakini heshima yake haijamtoka.

Nikamwomba yule mhudumu atoke. Mama akala ugali wote, akapangusa sahani kwa kidole, akauliza kama kuna mwingine. Aki nililia, na hayakuwa machozi ya furaha.

Nikamfuata mwenye nyumba. "Kwa nini hamkumuuliza?"

"Watu kama hawa hawaulizwi, dada. Hawajui wanachosema. Wewe ungetuambia mila zenu."

Ningewaambia saa ngapi? Siku ya kumwandikisha waliniuliza kitambulisho, vidonge, hata kanisa la kumzika. Hakuna aliyeuliza mwanamke huyu anaishi vipi. Nikamwambia hayo yote, na mengine ambayo siwezi kuyaandika.

Kisha nikauliza nani humwogesha.

Akatazama sakafu. "Ni huyo huyo. Ndiye mwenye nguvu za kumshika."

Miezi minne mama yangu anavuliwa nguo na mtu anayemwona kuwa mkwe wake. Anapiga mayowe, anauma, anapiga, kisha anapewa dawa ya kumlaza ndio aogeshwe kwa amani. Na ile fomu ya kuruhusu dawa, waliponiambia mama anasumbua, nilitia sahihi mimi.