Mhunzi wa Nchi Tatu

Ladislaus Ndunguru hakuumbiwa kiti. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, na matangazo yalipoanza kusomwa mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje. Ugali alikula amechuchumaa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mke wake, Bonifasia, alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku atakapomkuta mumewe ameegemea ukuta, atakimbilia zahanati.

Kazi yake ilikuwa uhunzi. Aliusomea ujanani kwenye karakana ya misheni Kigonsera, na alipooa akafungua karakana yake nyumbani Namswea, pale njia panda. Alifua majembe na mashoka, lakini hasa majembe. Yalikuwa mazuri kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na kero. Jembe la Ladislaus halikufa upesi. Mtu akinunua moja alilitumia mpaka mwanawe akaoa, na fundi akabaki mlangoni anahesabu nzi. Kabla ya msimu wateja walikuja kwa vurugu, kisha wakapotea, naye akaanza kuzunguka karakana akinyoosha misumari ambayo hakuna aliyemwomba ainyooshe.

Sasa, huku Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, watu hulima ngolo. Nyasi za mteremkoni hukatwa, hulazwa zikikatizana kama nondo za dirisha, kisha hufukiwa kwa udongo, na katikati yanabaki mashimo ya kuzuia maji ya mvua yasije yakaubeba mlima mpaka mtoni. Mwanaume hukata nyasi na kuzilaza. Mwanamke hufukia kwa jembe na kupanda maharage. Ndivyo ilivyo tangu mababu, wala hakuna kikao kilichokaa kupanga. Bonifasia alikuwa fundi wa kufukia, na Ladislaus, pamoja na kutotulia kwake, alilaza nyasi zilizonyooka hata wapita njia wakasimama kuzitazama. Machi ilipofika walifanya kazi wakifuatana, yeye mbele na mkewe nyuma, na huo ndio ulikuwa wakati pekee wa mwaka ambao mtu huyu hakutamani kuwa mahali pengine.

Aliyemharibia usingizi alikuwa mwanamke mmoja wa Msumbiji, jina lake Celestina. Alitokea njia panda siku moja na gunia la majembe yaliyolika. Alikuwa amevuka mpaka wa nchi pale Chiwindi, akapanda boti kufuata ufuko mpaka Mbamba Bay, akadandia lori hadi Mbinga, na kutoka hapo pikipiki.

"Mama, umekuja huku kote kwa ajili ya majembe?" Ladislaus alimwuliza.

"Kwetu mhunzi wa karibu yuko mbali kuliko wewe," alijibu Celestina. "Ungekuwa pale ziwani, fundi, tungekuchosha."

Neno hilo lilimwingia Ladislaus kama funza. Wiki nzima hakuweza kugonga chuma bila kutazama upande wa magharibi, ambako milima inateremka kwenda Nyasa.

Akalipeleka kwenye sengu, yaani pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kusemezana mambo yao. Aliongea akiwa amesimama, tonge mkononi.

"Hapa Namswea nina soko la upande mmoja," alisema. "Pale ziwani Msumbiji iko kusini yangu, Malawi ng'ambo ya maji, na Tanzania yote iko mgongoni. Upande mmoja ukilala, mwingine uko macho. Fedha ya hawa ikishuka, ya wale ipo. Chuma chakavu kitaletwa na boti zile zile zitakazorudi na majembe, sitakifuata tena Songea. Lami imefika mpaka Mbamba Bay. Na vijana wa pale wana wajomba pande zote za mpaka, kwa hiyo hata mkalimani sihitaji. Nifanye nini huku juu? Nisubiri majembe yenu yazeeke?"

Baba yake mkubwa, mzee Raimundi, alitafuna kwanza akamaliza. "Njia mbili zilimshinda fisi," alisema. "Wewe mwenzetu unataka tatu."

"Fisi hakuwa na nauli, baba mkubwa."

Watu walicheka hadi mboga ikapoa, na jambo likapita kwa kicheko hicho. Aliyebaki ni Bonifasia. Kesho yake, wakiwa wanachuma kahawa, alisema bila kuinua uso kutoka kwenye tawi: "Nenda, Baba Yuliana. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ila nyasi za Machi ni zako."

"Nitakuja."

"Sikusema uje. Nimesema ni zako."

Ladislaus alisikia, akaitikia, na moyoni alikuwa ameshapanda gari.

Alijenga karakana nje kidogo ya Mbamba Bay, juu ya njia inayotoka kwenye boti, akamwajiri Michael, kijana wa Kinyasa mwenye mke na watoto na mikono ya kazi. Akapanga dukani majembe yake ya Umatengoni: mazito, mapana, yenye shingo iliyokunjwa kumfaa mtu anayelima huku mlima umemkabili usoni. Watu wa ziwani wakayainua, wakayarudisha. Ladislaus akaona wana dharau. Akaona hawajui kulima. Akamwandama Michael kwa maneno kana kwamba ndiye aliyewafundisha watu wote wa ufukoni kupanda muhogo.

Ndipo Celestina akaja na boti, akachukua jembe moja, akalipiga kwenye mchanga nyuma ya karakana. Likazama mpaka shingoni, akalivuta kwa mikono miwili.

"Fundi," alisema akihema kwa kucheka, "jembe hili linatafuta mlima. Ungetuletea na mlima wenyewe."

Fundi alinuna siku nzima. Maisha yake yote alikuwa amelima na kufulia ardhi iliyosimama, hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu ardhi yao imelala. Lakini hakuwa mpumbavu. Tangu hapo kila mteja aliyetaka jembe jipya alimwomba alete la zamani, kwa sababu udongo hula chuma kwa namna yake, na ukiona ulipolika unajua cha kufanya. La mchanga wa ufukoni akalifanya jepesi. La udongo mgumu wa Msumbiji akalibana mabega. Watu wa Malawi wakataka la kupandishia matuta, wakalipata. Yote yalipigwa kwa moto mmoja.

Na mambo yakamwendea kama alivyowaambia wale waliocheka. Springi za malori zilishuka kutoka kwenye boti, majembe yakapanda. Mchana angeweza kusikia mteja mmoja akisalimia kwa Kinyasa, mwingine kwa Kiswahili, na wa tatu akihesabu kwa Kireno, na wote wakigombea nafasi moja ya mbele. Mwaka ambao boti za Malawi zilikuwa haba, watu wa Msumbiji walijaza pengo. Barabara ya kusini ilipoharibiwa na mvua, wafanyabiashara wa Mbinga wakashuka kwa lami. Ladislaus aliongeza jiko la moto, akaongeza vijana. Alilala akiota chuma chekundu, akaamka kabla hakijapoa. Kusema kweli alikuwa na furaha, furaha ya mtu anayekimbizana na kitu na kukaribia kukishika.

Machi ya kwanza alipanda mlimani akalaza nyasi zote. Machi iliyofuata alilaza nusu, simu ikaita, akashuka. Nusu nyingine Bonifasia hakuigusa, na maharage ya mwaka ule yakawa nusu. Machi ya baadaye kuna tajiri wa Malawi aliagiza majembe ya kijiji kizima, na boti ilikuwa haisubiri. Ladislaus akafanya hesabu ya kifundi: akatuma vibarua wawili kutoka Litumbandyosi, watu wazima wanaojua kazi, wakamlazie.

Walilaza vizuri. Bonifasia akawapikia, akawashukuru, akawasindikiza. Kisha akampigia mumewe simu.

"Mimi sifukii nyasi za mwanaume nisiyemjua," alisema.

"Mama Yuliana, nyasi ni nyasi!"

"Basi njoo uzifukie."

Nyasi zikakauka pale mteremkoni zikiwa zimepangwa vizuri, zikawa kijivu, upepo ukazitawanya. Kila aliyepita kwenda kanisani aliona. Kinyozi hajinyoi, watu walisema, na mhunzi wa nchi tatu shamba lake halijaguswa na jembe.

Ladislaus aliona aibu, na aibu kwake ilikuwa lazima igeuke kazi. Akajenga nyumba kando ya karakana, ya matofali ya kuchoma, madirisha makubwa yakitazama ziwa, na jiko la nje lenye paa kwa ajili ya mvua. Kila hatua alipiga picha akamtumia mkewe: msingi, linta, bati. Aje akae huku, aachane na miteremko ile, kuna usipa, wale dagaa wa ziwani, mbichi kila asubuhi. Bonifasia alijibu mara moja tu. Aliandika: *Nyumba nzuri. Nani atakaa?*

Tangu jibu hilo hakutulia kabisa, na yeye hata zamani hakuwa ametulia. Aliacha chuma motoni akaenda stendi kutazama mabasi ya Mbinga. Alirudi akawagombeza vijana kwa kuunguza chuma alichokiacha mwenyewe. Alikitandika kitanda kipya cha nyumba ile, akakitandua, akakitandika tena, na bado alilala karakanani juu ya magunia. Alipanga kupanda mlimani Jumamosi, na Jumamosi ikaleta boti. Alijua kinachotokea. Alikuwa anampoteza mke wake, na alikuwa anampoteza akiwa na shughuli nyingi.

Februari ilipokuwa inaisha, asubuhi moja, Bonifasia akashuka kwenye basi.

Ladislaus alimwona kwa mbali, amebeba kikapu kimoja kichwani, kitenge chake kizuri kimefungwa kwa safari. Alitupa nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akamlaki njiani. Alimwonyesha nyumba kabla hata ya kumpa maji. Alifungua madirisha yote. Alieleza habari za bomba, za majirani, za kanisa lilivyo karibu. Bonifasia alipita chumba kwa chumba, akaligusa lile jiko la nje, akasema, "Umejenga vizuri, Baba Yuliana," na mumewe karibu alie kwa neno hilo.

"Mizigo mingine inakuja lini?" aliuliza.

"Mizigo gani? Narudi na basi la saa nane." Akaketi kwenye kigoda cha wateja mlangoni mwa karakana, ambapo Celestina naye alikuwa amekaa akisubiri jembe lake. Wakasalimiana vizuri, wanawake wawili wa safari. Kisha Bonifasia akasema alichokijia: "Nataka nyengo."

Nyengo ni lile panga lenye ncha ya kupinda na mpini mrefu, ambalo wanaume wa Umatengoni hukatia nyasi za ngolo. Ya Ladislaus ilikuwa bado imetundikwa nyumbani Namswea, nyuma ya mlango.

"Si ipo yangu?" alisema.

"Yako ndefu. Inanivuta bega. Nataka ya kimo changu."

Ladislaus alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mwanamke mwenye mume hakati nyasi, Mama Yuliana. Wanaojikatia ni wajane."

"Najua wanaojikatia." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. "Maharage hayanisubiri, na mimi nimechoka kusubiri. Nimepita wahunzi wawili njiani, lakini hakuna anayefua kama wewe. Nitengenezee."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema, subiri nivue hii aproni, twende wote. Lakini karakana ilikuwa imejaa watu, boti ilikuwa inapakia, na mkewe alikuwa ameshanyoosha mkono ili apimwe. Akaupima, kuanzia begani hadi kiganjani, mkono aliokuwa ameushika siku ya ndoa. Akachagua springi bora kuliko zote, akaitia motoni, akamsogeza Michael pembeni akafua mwenyewe. Hakuwahi kufua kitu kizuri namna ile. Aliyakunja yale makali kidogo kidogo, akayapooza, akayaonja kwa kidole gumba, akachonga mpini akausugua mpaka ukawa laini.

Bonifasia alikwenda nyuma ya karakana akaijaribu kwenye magugu. Yalianguka bila sauti. Akarudi, akayafunga yale makali kwa gunia kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

"Asante, fundi," alisema.

Tangu mtoto wao Yuliana azaliwe hakuwa amewahi kumwita mumewe kwa jina lingine zaidi ya Baba Yuliana. Ladislaus alimsindikiza mpaka stendi, akampandishia kikapu, akasimama dirishani mwa basi mpaka dereva alipoondoa gari.

Aliporudi, Celestina alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri, macho yanang'aa.

"Fundi, ile aliyochukua yule mama, na mimi nitengenezee. Wangu yuko migodini Afrika Kusini, mwaka wa ngapi sijui, na pori linakuja mpaka mlangoni. Kijijini kwetu tuko wengi hivyo. Tengeneza hata gunia zima, nitaziuza zote. Na ng'ambo Malawi ndiyo usiseme, wanaume wa kule wote wameondoka."

Michael aliposikia gunia zima akaanza kuongeza mkaa. Ladislaus akamshika mkono amzuie.

"Ile si ya kuuza," alisema.

"Si ya kuuza vipi? Mwenzangu ameipataje?"

"Yule ni mke wangu."

Celestina akamtazama fundi, akaitazama nyumba mpya yenye madirisha wazi na hakuna mtu ndani, kisha akajitwika jembe lake.

"Kumbe," alisema taratibu, "Afrika Kusini ni hapa hapa."