Kanda Nyeusi ya Kutoka Maskati

Kaka yangu alizikwa Maskati, na wiki iliyofuata sauti yake ikafika nyumbani kwetu Unguja.

Aliyeileta ni mfanyabiashara wa Mlandege. Aliondoka Maskati kaka akiwa mzima, akapitia Mombasa kwa shughuli zake, na habari ya ajali haikumfikia. Alibisha hodi akicheka. "Kijana wako anakusalimu," alimwambia mama, akamkabidhi kanda iliyoviringishwa ndani ya kanga. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakumwambia kitu yule bwana mpaka alipomaliza kahawa yake.

Miaka ile ya themanini, wengi wetu tuliokuwa na watu Arabuni tulipelekeana salamu kwa kanda. Kaka alikuwa akiuza redio dukani, na safari hii alirekodi kwenye kanda ya bei, yenye utepe mweusi badala ya ule wa hudhurungi tuliouzoea. Haikuwa na mkwaruzo hata kidogo. Ungesema yumo ukumbini.

"Shikamoo mama," alisema, kisha akanyamaza kidogo, kwa kuwa alimjua mama.

"Marahaba mwanangu," mama akaitikia.

Kaka akamwuliza mkewe, aliyekuwa mjamzito akikaa nasi, kama mtoto anacheza tumboni. Kisha akaja kwangu. Ndiyo kwanza nimeanza kufundisha kemia.

"Na wewe mwalimu, hebu niambie, kwa nini utepe huu mweusi? Nshauliza hapa, hakuna anayejua." Akanyamaza tena, akinisubiri.

Nilitafuta jibu katika vitabu vya skuli. Unga uliopakwa kwenye utepe ule ni kromiamu iliyoungana na oksijeni. Kwa kawaida kromiamu ikiunguzwa hewani hubeba oksijeni kwa kipimo chake, haizidishi. Ili ibebe zaidi, hufungiwa na oksijeni ndani ya chombo cha chuma kinene, ikapashwa moto, mpaka mgandamizo humo ndani ukawa mara mamia ya huu wa hewa tunayovuta. Hapo metali hukubali. Hutoka kitu kingine kabisa, cheusi, chenye sumaku, kinachoshika sauti vizuri kuliko ule unga wa chuma, ndugu wa kutu, uliomo katika kanda za kawaida. Jibu nililipata. Wa kumpa sikuwa naye.

Kila siku baada ya sala ya alaasiri mama aliiwasha redio. Alimwitikia mwanawe, akamweleza mambo ya nyumbani. Wifi yangu alipojifungua, mama akaiambia redio, "Mtoto wa kike, mwanangu. Macho yako kabisa." Majirani wakaanza kuupita mlango wetu haraka saa zile.

Mimi nilijifanya halinihusu. Lakini siku moja nilikuwa peke yangu na ile kanda, swali langu likafika, nikajikuta nnalijibu kwa sauti kama niko darasani: chombo, oksijeni, mgandamizo. Katikati ya maelezo yangu kaka akaendelea na salamu za majirani. Nikazima redio.

Mtoto alikua akiisikia sauti ile. Maneno yake mwenyewe hayajanyooka bado, lakini alishajua pa kunyamaza na pa kuitikia. Alaasiri moja kaka alipomwita mkewe kwenye kanda, mtoto akajibu "Naam!" akaenda mbio kutazama nyuma ya redio. Akapapasa ukuta. Akamgeukia bibi yake.

"Keshaondoka?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama," alisema taratibu, "mimi nshavumilia. Lakini huyu simwachi amtafute."

Mama hakubisha. Aliitoa kanda, akaenda uani, jiko la makaa lilikokuwa limekolea kwa chai. Akauvuta utepe wote, akauweka juu ya moto. Ulijikunja, ukatoa moshi mzito wenye harufu ya kukera. Makaa yalipofifia, juu ya majivu palikuwa na unga wa kijani.

"Na hii nini?" mama aliuliza, akirudi nyuma.

"Ni kromiamu ileile, mama. Ilibebeshwa oksijeni kwa nguvu, sasa moto umeitua ile ya ziada, imekwenda zake. Kijani ndiyo hali yake ya siku zote."

"Na sauti?"

"Sauti haimo tena."

Aliugusa ule unga kwa kidole, akautazama sana. "Leo ntamsomea dua tu," alisema. "Simwulizi kitu." Akaenda kutawadha.

Wifi aliolewa tena, Chwaka, na mtoto akawa anakuja kwetu skuli zikifungwa. Mama alifariki miaka ya tisini. Maneno ya kanda ile ninayo yote kwa mfuatano wake, hata pale kaka alipokohoa, ila sauti yenyewe imenitoka. Mtoto wake, siku hizi mtu mzima, huniomba mara mojamoja, "Shangazi, hebu sema kama alivyosema baba." Nasema. Ananisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na sote wawili tunajua kwamba si yeye.