Juu ya nini timu yetu haifungi magoli

Leo nimesema ukweli mbele ya timu nzima, na dimanche, Jumapili hii, nitakaa kwa benchi.

Match tatu hatujafunga hata goli moja. Bantu ya mji wetu wa Kamina banatuuliza kila siku juu ya nini.

Asubuhi, kabla ya mazoezi, kocha akatukalisha chini. Akamugeukia Ilunga, mshambuliaji wetu wa kati:
"Weye haujui kufunga tena. Dimanche hauchezi."
Ilunga akainamisha kichwa.

Bandugu, minyi niko winga wa kushoto. Timu inanilipa juu ya kupiga krosi.
Lakini tangu Ilunga aninyang'anye penalti, sikumupatia tena mpira. Hata akiwa peke yake mbele ya goli, napiga minyi mwenyewe.

Roho ikaniuma. Nikasimama.
"Kocha, si kosa yake. Minyi njo namunyima mpira."
Kocha akanigeukia:
"Basi weye njo utakaa kwa benchi."

Tukiwa tunavaa viatu, Ilunga akakuja kukaa pembeni yangu.
"Nilijua tangu match ya kwanza."
"Na haukumwambia kocha?"
"Nilikuwa nangojea useme weye mwenyewe."

Nikafunga kamba za viatu, nikaenda kwa mazoezi. Nyinyi mungemwambia Ilunga nini?