Jani la Mgomba Katikati ya Pori

Mwaka wa tisini na saba hakuna dereva aliyevuka pori la Biharamulo peke yake, kwa hofu ya majambazi. Magari yalikusanyika getini, mwanzo wa pori, askari wakatangulia na bunduki zao, na msafara uliondoka mara moja tu kwa siku. Anastazi alikuwa ameendesha basi la Ngara miaka sita na hakuwahi kuukosa. Siku ile tairi lilimpasukia akiwa kijijini Kanazi. Alipofika getini, hata vumbi la wenzake lilikuwa limeshatua.

Askari wa zamu alimwambia alale pale mpaka kesho. Anastazi angelala. Lakini kwenye kiti cha mbele alikaa Deodata, mkulima wa Kanazi, amempakata mwanawe Iteka. Mtoto alikuwa anashikwa na degedege tangu asubuhi, na zahanati ilikuwa imemwandikia hospitali ya Biharamulo. Abiria wakabishana, wengine kulala, wengine kwenda. Mwisho askari akamtazama mtoto, akafungua geti. Alisema msafara haujafika mbali, dereva akikaza mwendo ataukuta, ila asisimame kwa lolote.

Akakaza mwendo. Konda wake Theonest, ambaye kwa kawaida hutania watu njia nzima, alisimama mlangoni akiangalia miti tu.

Kabla ya kona moja wakaona majani barabarani, mafungu matatu yamepangwa. Kila dereva anajua maana yake: mbele kuna gari bovu. Lakini siku hizo majambazi nao walikuwa wamejifunza kuyapanga. Anastazi akakanyaga breki.

"Usisimame, kaka," Theonest akasema kwa sauti ya chini. "Mwezi uliopita walifanya hivi hivi. Pita juu yake."

Akipita kwa kasi na gari lipo kweli pale konani, abiria wake wamekwisha. Akigeuza, mtoto anarudi kulala getini. Basi likabaki linaunguruma pale pale.

Bibi Domisiana, mzee aliyekaa nyuma ya Deodata, akachoka kungoja. "Dereva, unayasoma hayo majani kama barua?"

Kweli alikuwa anayasoma. Hayakukanyagwa, kwa hiyo yaliwekwa baada ya msafara kupita. Mafungu mawili yalikuwa matawi ya porini. La tatu lilikuwa jani la mgomba, pana, limechanika pembeni. Pori lile ukilitembea siku nzima huoni mgomba hata mmoja. Jani limeshushwa kutoka kwenye keria, juu ya gari, na anayefunika mikungu ya ndizi kwa majani kila wiki ni Bukuru, dereva wa basi la Murusagamba. Mwaka juzi Anastazi aliharibikiwa humu humu, magari manne yakampita. Bukuru ndiye aliyesimama.

Isipokuwa kama majambazi wameshamteka, na majani wameyashusha wao.

"Bibi, na nyie wote, inamisheni vichwa," akasema. Akaingia konani kwa gia ya kwanza.

Basi la Murusagamba lilikuwa limeinamia upande, springi imekatika. Abiria walikaa mtaroni, Bukuru kati yao. Alikuwa wa mwisho kwenye msafara, hakuna aliyegeuka kumwona. Aliposikia basi linakuja, aliwaambia watu wake wasiinuke, maana hakujua ni nani anayekuja.

Wakawapakia wote, wengine wakapanda juu ya keria. Bukuru akabaki chini. Alisema hawezi kuacha basi la watu.

Anastazi akavuta breki ya mkono, akazima injini. Pori likawa kimya kabisa. Deodata akatazama chini alipo Bukuru.

"Panda, mwanangu," Bibi Domisiana akamwambia. "Basi halina mke wala watoto."

Akapanda.

Walipofika hospitali, Iteka alichomwa sindano akalia kwa nguvu. Theonest alikuwa wa kwanza kucheka.

Tangu hapo Anastazi hakusafiri bila jani la mgomba kwenye keria, na Bukuru vivyo hivyo. Abiria wakiuliza, aliwajibu kuwa ni la kufunikia mizigo.