Siku Wazazi Walipotoka Shamba

Huku kwetu mpunga ndio unaopanga maisha. Mvua zikikolea, nusu ya Ifakara inafunga milango na kuhamia shamba. Mtu anabeba godoro, sufuria na kuku wake, anakwenda kukaa kwenye kibanda cha nyasi huko upande wa Mofu mpaka avune. Shida inakuwa kwa watoto. Ukiwabeba, shule ndiyo imekwisha. Ukiwaacha mjini, wanabaki na ufunguo, unga kidogo na majirani wenye mambo yao. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Nilijua kufukuza ndege kabla sijajua kusoma, na darasa la nne nililirudia mpaka kiti changu kikanizoea. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana sisi wanawake wachache wa jumuiya ya kanisani tulipanga nyumba tukaifanya ya watoto. Waliohamia shamba wanatuachia watoto wao, sisi tunawalaza, tunawalisha, tunahakikisha wamekwenda shule. Mzazi analipa kwa mpunga akishavuna. Kabla ya hapo tunachoma vitumbua barazani asubuhi, tunauza, na chungu hakikauki. Si sadaka ile, ni biashara, ila biashara yenye watoto wanaokojoa kitandani.

Basi mwenye nyumba akaja na lake. Pasaka ikipita, akasema, anaitaka nyumba yake, anajenga gesti. Nilimjibu maneno ambayo ilibidi niyapeleke kwa padri. Lakini nyumba ni yake, ningefanya nini?

Aliyeumia kuliko wote ni binti mmoja wa darasa la saba. Alikuwa mrefu, mkimya, anafua sare yake kila jioni hata kama haikuchafuka. Mama yake alilima peke yake kule Mofu, na alikuwa ameniambia waziwazi: nyumba ikifungwa, anamchukua binti yake shamba, kwa sababu hawezi kumwacha msichana mjini bila mtu mzima. Sikumlaumu, hata mimi ningemchukua. Ila mtihani wa kumaliza shule ulikuwa mwaka huohuo. Binti alisikia yote. Tangu siku hiyo kila akirudi shule hunisalimia, kisha anauliza, "Bibi, tumepata?"

Tulichokuwa tunakitafuta ni ghala la zamani la soko, mali ya halmashauri. Ndani yake walikaa popo na mizani mbovu tu. Afisa wa maendeleo ya jamii, ambaye sisi tunamwita bibi maendeleo ingawa umri wake ni wa binti yangu, alitusikiliza vizuri. Akasema ghala linaweza kutolewa kwa kikundi chenye kazi ya kusaidia jamii, lakini kwanza kamati ije iione kazi yenyewe. Akatupa siku.

Hapo ndipo tulipojipalia makaa. Tulikaa kikao tukakubaliana kwamba wageni wa serikali hawapokelewi na masufuria na watoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Tukapiga simu huko mashambani kote, kila mzazi aje, avae vizuri, aonekane. Wazo halikuwa langu, ila rangi ya vitenge nilichagua mimi.

Wakaja. Walifika na bodaboda, matope hadi magotini, wengine na kambale wa kukaushwa kwa ajili ya wageni. Na watoto walipowaona mama zao, walifanya nini? Walikwenda nao kwao. Nyumba zikafunguliwa, moshi ukafuka, mtaa ukachangamka. Kamati ilipoingia kwetu ilikuta turubai, ngoma, wali wa kunukia na umati wa wazazi wanaopiga vigelegele. Mtoto hata mmoja hakuwepo.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole, aliitazama mikeka yetu iliyokunjwa.

"Hongereni sana," akasema. "Sasa hao watoto mnaowalea wako wapi?"

"Wako makwao, na wazazi wao," akajibu mwenzetu mmoja kwa furaha.

"Na wazazi wao ni akina nani?"

"Si hawa hapa!"

Akatutazama, akawatazama wazazi. "Basi shida iko wapi?"

Shida tulikuwa tumeivalisha vitenge. Wanakamati wakala, wakanywa soda, wakaaga. Kesho yake wazazi walirudi shamba na watoto wakarudi kwetu. Binti akanisalimia, akauliza lilelile. Nikamwambia kwa ukali akaoge. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na yeye hakustahili hata kidogo.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa bibi maendeleo kupigana. Alinisubiri nimalize.

"Shikamoo, mama," akasema, maana mimi nilikuwa nimeingia bila hata salamu.

"Marahaba."

"Mama, mlituonyesha harusi."

"Huku kwetu mgeni anapokelewa!"

"Najua. Ndiyo maana safari ijayo sitawaambia."

Akaja kweli, jioni moja ya mvua kubwa, na mwenyekiti nyuma yake amelowa chapachapa. Uji ulikuwa umemwagika sakafuni. Binti wa darasa la saba alikuwa anawasomesha wadogo, mimi nampoza mmoja mwenye homa kwa kitambaa cha maji. Mlango ulipogongwa, watoto wote waliukimbilia, kwa sababu kwetu anayebisha hodi jioni huwa ametoka shamba. Mdogo kuliko wote akamshika mwenyekiti suruali.

"Wewe ni baba wa nani?" akamuuliza.

Mzee wa watu akavuta ndoo, akaketi, akakaa mpaka watoto walipomaliza kula.

Watu wengi wanadhani halmashauri ikitaka kukusaidia itakupa mkopo. Sisi hatukuuomba. Kamati ilikubali, ghala likafagiliwa popo, likazibwa paa, likavutiwa maji kutoka bomba la soko. Bibi maendeleo alizungumza na walimu wakuu ili mtoto anayebaki peke yake aletwe kwetu mapema. Semina za vikundi, ambazo kila mwaka zilifanyika wakati watu wako kwenye palizi, akazisogeza hadi baada ya mavuno. Kwangu hiyo ndiyo elimu kubwa aliyokuwa nayo: alijua sasa ni lini watu wako nyumbani na ni lini hawapo.

Siku ya kukabidhiwa ilikuwa baada ya Pasaka, ndege wamevamia mpunga. Wenzangu, hamtaamini, walitaka tena kuwaita wazazi. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Bibi maendeleo akasema viti vya wazazi vipangwe, lakini asiitwe mtu. Vikapangwa mstari mzima, vitupu, mbele ya wakubwa wa mji.

Mwenyekiti alisimama na ufunguo mkononi. Akaviangalia vile viti.

"Wazazi wako wapi?" akauliza, na alijua.

Nilitaka kujibu mimi, kama kawaida yangu. Binti akanitangulia. Alisimama na sare yake iliyofuliwa jana.

"Shikamoo. Mama yangu yuko Mofu, anaamia ndege wasimalize mpunga. Mimi niko hapa, nasoma."

Watu wakapiga makofi. Mimi nililia mbele ya serikali nzima wala sikujificha. Ufunguo ulipowekwa mkononi mwangu, yule binti alisogea karibu, akaugusa kwa kidole.

"Bibi," akasema, "tumepata."