Kofia Juu ya Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Isongole, Muuguzi Kiongozi alinionyesha chumba cha kujifungulia, kisha mlango wake wa nyuma. "Huu usiufunge kamwe," aliniambia. "Huku mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akimkuta njiani, anapita shambani. Usibishane naye, binti. Mpitishe hapa."

Mimi nilitoka Singida, nilicheka kimoyomoyo. Nilifanya ukunga huku huku Rungwe mpaka nikastaafu, na namshukuru Mungu kwa mlango ule.

Wakunga wa leo wana mashine. Sisi tulikuwa na kibomba cha mbao, upande mmoja tumboni kwa mama, wa pili sikioni, tukisikiliza moyo wa mtoto. Nilikuwa nimeinama kwenye kibomba hicho asubuhi redio ilipotangaza kwamba kiongozi wetu wa taifa amefariki. Nje watu walilia. Kitandani alikuwa Atupele, mimba yake ya kwanza, na mapigo ya mtoto yalikuwa yanapungua.

"Hospitali, Tukuyu, sasa hivi," akasema Muuguzi Kiongozi.

Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya viazi ya Mzee Ambakisye, baba mkwe wa Atupele. Atupele akashika chuma cha kitanda. "Sista, siwezi. Niache hapa hapa."

Sikubishana. Nilitoka nikamweleza mzee. Akafikiri kidogo, akavua kofia yake, akakifunika nayo kioo cha kutazamia nyuma, akaketi kwenye usukani akitazama mbele kama askari wa gwaride. Tukampitisha Atupele mlango wa nyuma, tukamlaza juu ya magunia, nami nikajifunika naye turubai.

Barabara ilikuwa mashimo matupu.

"Sista," mzee akapaza sauti, "mwambie huyo mama avumilie."

"Sista," Atupele akadakia, "mwambie dereva mashimo yote ameshayapata, asirudi kuyatafuta."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie sikusema naye."

Nilicheka, Mungu anisamehe, siku ya msiba.

Tulipofika Kiwira, watu walikuwa wamesimama kando ya barabara, wakisikiliza redio za madukani. Walipoona pikapu inakwenda polepole, turubai limetandazwa, dereva kichwa wazi na uso ameukaza, wakadhani tumebeba maiti. Wanaume wakavua kofia. Kina mama wakachuchumaa kwa heshima. Hapo hapo Atupele akasukuma, na chini ya turubai mtoto akalia kwa sauti ya kugombana.

Hakuna aliyesogea. Kisha bibi mmoja muuza ndizi, machozi yangali mashavuni, akapiga kigelegele, na wengine wote wakamwitikia.

Mzee akasimamisha gari. Hakugeuka. "Sista, muulize huyo mama, tumepata nani?"

"Mwambie msichana," akasema Atupele. "Na mwambie asante."

Kwa nyuma niliona mabega ya mzee yakitikisika.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa mjini Tukuyu. Kila mwaka taifa linapokumbuka msiba ule, namwombea marehemu, halafu nachemsha chai nyingi, maana Atupele na binti yake huja kusherehekea kuzaliwa kwake. Mzee Ambakisye ametangulia. Atupele hakuwahi kumtazama usoni hata mara moja.

"Sista," huniuliza, "hivi mzee alikuwa na sura gani?"

Nami humwambia amtazame binti yake. Humtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kisha hucheka.